Devota wa Nyumba ya Tausi

Ukimwuliza Devota kaamkaje, hakwambii salama. Anakwambia, "Nimeamka nimechoka," kisha anakupita na ndoo yake. Mwaka wa kumi na tisa huu nashona barazani kwa Nyumba ya Tausi, na jibu hilo halijabadilika hata siku ya Pasaka. Mwanzoni nilidhani ni maringo. Siku hizi mgongo wangu nao umeanza kulalamika kwa kuinamia cherehani, na ninamwelewa vizuri sana.

Nyumba yenyewe iko Tanga mjini, hatua chache kutoka sokoni. Ni ghorofa moja ya matumbawe na chokaa, iliyojengwa na tajiri wa Kihindi aliyekuwa akiuza vitambaa na vyombo vya shaba. Barazani pana nguzo sita za chuma, na kila moja kule juu imechanua majani. Cherehani yangu inakaa kwenye nguzo ya tatu. Juu ya baraza kuna roshani ya mbao, na ubao wake wa pembeni umekatwa kwa msumeno mwembamba mpaka ukawa kama lesi ya shumizi, na mimi ni fundi cherehani, lesi naijua. Ilikuwapo milango mitatu mizito ya kuchonga, na juu ya kila mlango nusu duara ya vioo vyekundu na vya kijani, ambayo ikipigwa na jua la asubuhi ilimwaga rangi kwenye vigae vya maua. Na juu kabisa, kwenye ukuta unaoficha bati, paliandikwa 1931, na kila upande wa mwaka huo alisimama tausi wa chokaa. Tausi wawili, wakitazamana. Wa kushoto alikuwa hana kichwa tangu kabla sijafika. Wa kulia mkia wake ulikuwa umeota majani.

Haya nayasema leo. Zamani sikuwa nikiyatazama. Nani ana muda wa kutazama juu, mkononi ana magauni ya harusi ya watu?

Aliyekuwa akiyatazama ni Devota. Alizaliwa kambi ya mkonge upande wa Muheza, baba yake Mngoni aliyetoka Songea kuja kukata mkonge akafia hukohuko. Devota naye alianika singa za mkonge juani toka akiwa msichana, akaolewa kambini, akafiwa na mume kambini. Alipokuja mjini na mwanawe Luka, alipata kazi ya kufagia kwa bibi wa Kihindi, wa mwisho wa ukoo ule aliyekuwa bado anaishi ghorofani. Bibi yule alimfundisha nyumba kama mtu anavyomfundisha yaya mtoto wake. Madirisha ishirini na manane yafunguliwe alfajiri, yafungwe jua likigeukia magharibi. Nyumba ya chokaa inapumua, alimwambia, ukiiziba inatoka jasho na kuoza. Bibi alipochukuliwa na wajukuu kwenda Ulaya, warithi walimwambia Devota aendelee tu. Akaendelea. Ngazi ni thelathini na moja, magoti ni yaleyale mawili, na mwaka huu ni wa ishirini na sita.

Makazi yake ni chumba cha chini nyuma ya ngazi, ambako zamani alikaa karani wa duka. Humo analala, humo anapika kwa mkaa mvua zikinyesha. Mimi na yeye tumezikiana wafu na kuuguzana, nimemshonea sare za kwaya sijui mara ngapi, lakini chumbani kwake sikuwahi kuingia. Ukibisha hodi anatoka yeye, anavuta mlango nyuma yake, mnazungumza hapo nje. Nikajua anaona haya. Moshi wa mkaa ulikuwa unamfuata hata kanisani, masikini, na yeye ndiye msafishaji wa jengo zima.

Mwaka jana warithi waliandika kwamba wanauza. Mnunuzi alikuja na suruali yake ya kubana, akapima uwanja kwa hatua, wala hakuinua macho. Tukasikia anataka kubomoa, asimamishe ghorofa nne za vioo. Sisi wapangaji wa barazani tulinung'unika, lakini tusidanganyane, fundi cherehani anabeba cherehani yake akahamia nguzo nyingine. Tatizo lilikuwa la Devota.

"Luka si yuko Dar?" nilimwuliza.

"Yuko Mbagala. Chumba kimoja, mke na watoto wanne." Alikuwa anakamua tambara. "Kwenda kutembea nina pa kwenda, Samiha. Kwenda kuishi sina."

Mteja wangu mmoja, mwalimu, ndiye aliyetuambia kwamba kuna watu Dar wanaoorodhesha majengo ya zamani, na jengo likiingia kwenye orodha halibomolewi ovyo. Akatuandikia barua. Baada ya miezi, jibu likaja: mtaalamu atafika tarehe fulani, baada ya wiki tatu, kukagua hali ya jengo.

Kukagua. Sasa wewe mtu wa mjini Tanga, mkaguzi gani unamjua? Sisi tunamjua bwana afya. Bwana afya akija anatazama pembe za kuta, anatazama choo, anapitisha kidole dirishani, na kidole kikitoka cheusi mmekwisha. Zaidi ya hapo, mgeni ni mgeni. Hata Idi tunapaka rangi, hata posa ikija tunapaka rangi, sembuse mtu anayetoka Dar kuja kuamua kama Devota atakuwa na pa kulala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyowaambia wenzangu barazani, lakini asitukute na uchafu huu.

Naomba ieleweke kwamba ni mimi niliyesema. Devota alisita. "Bibi alikuwa hapaki rangi hii ya mafuta," alisema. "Alikuwa anapaka chokaa tu."

"Bibi yuko Ulaya," nikamjibu. "Wewe ndiye unayefukuzwa."

Akaokota ndoo yake. Nilikuwa na mdomo siku zile.

Tukachangishana, tukamwita fundi Yona, Mbondei wa Muheza, mchapa kazi asiyejua kukaa. Yona alianza na milango. Ile michongo ilikuwa imejaa vumbi la miaka, maua na minyororo na vijani vidogo vinavyopanda kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango. Alileta mashine ya msasa. Kufikia jioni mlango wa kwanza ulikuwa laini kama meza ya kulia, na vanishi juu yake inang'aa, na sisi tukapiga vigelegele. Vioo vya rangi vilikuwa vimepasukapasuka, tukavitoa, tukaweka vyeupe vizima. Vigae vya barazani vimelika katikati kwa miguu ya watu, tukavimwagia saruji, juu yake sakafu nyekundu ya kusugua kwa nta. Nguzo tukazipaka rangi ya fedha. Madirisha tukayapaka bluu ya mafuta, mikono miwili ya rangi, yote ishirini na manane.

Devota alikuwa kila mahali. Ndiye aliyepiga deki nyuma ya Yona, ndiye aliyekwangua, ndiye aliyechota maji. Wiki ya pili miguu ilivimba, akawa anapanda zile ngazi kwa kukaa, ngazi moja matako, ngazi nyingine matako, na ndoo anaivuta. Nilimwambia apumzike. Akasema akipumzika hatanyanyuka tena.

Siku ya tausi naikumbuka. Yona alikuwa juu ya ngazi yake ndefu, ameshika tindo.

"Mama," alimwita Devota kutoka huko juu, "hawa ndege niwatengeneze au niwatoe? Chokaa yao imekuwa unga. Nikigusa wanamomonyoka."

Devota alisimama katikati ya barabara, mkono kipajini, akitazama juu. Alitazama muda mrefu mpaka bodaboda ikampigia honi.

"Huyu hana kichwa," akaniambia. "Mgeni ataona tumeishi na ndege asiye na kichwa, hatuna habari."

"Watolewe," nikasema.

Yona akapiga nyundo. Walitoka kwa vipande, mkia, bawa, kifua, vikidondoka barazani na kutoa vumbi jeupe. Mwaka nao ukatoka, kwa sababu ukuta ulitaka kusawazishwa. Saruji ikapita, nyororo, kama paji la uso la mtoto. Kifusi alikizoa Devota mwenyewe kwa koleo, Yona akakibeba kwa mkokoteni na kuzibia shimo la barabara nyuma ya soko. Magari yanapita juu yake mpaka leo.

Jioni ya mwisho tulisimama ng'ambo ya mtaa tukaitazama nyumba yetu. Ilikuwa inameremeta. Mimi nilijisifu, sifichi. Devota alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, viatu amevua.

"Na chumba chako?" nikakumbuka kumwuliza.

"Nimeishiwa nguvu," akasema. "Mgeni hatafika huko."

Mgeni alikuja Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi. Tulitegemea mwanamume mwenye tai. Aliyeshuka kwenye bajaji ni msichana wa miaka kama thelathini, Zuleha, amevaa raba, begi mgongoni na kishikwambi mkononi, na macho ya mtu aliyepanda basi usiku.

"Shikamooni," alitusalimu, kisha akamfuata Devota aliyesimama mlangoni na kitenge kipya. "Shikamoo, mama. Wewe ndiye mtunzaji?"

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu sana."

Zuleha hakuingia ndani. Alirudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara, akatazama juu. Akatazama kishikwambi chake. Akatazama juu tena. Nilidhani ameshangazwa na uzuri, nikamkonyeza Devota.

Aliporudi alitushikia kishikwambi tukaona. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya nyumba yetu, imepigwa kutoka palepale aliposimama. Nguzo, roshani, mwaka, na tausi wawili, wa kushoto akiwa na kichwa chake.

"Tausi wako wapi, mama?" aliuliza polepole.

Mimi nilitazama sindano ya cherehani. Devota alikuwa na heshima kuliko mimi, alimjibu akimtazama machoni.

"Tuliwatoa, mwanangu. Walikuwa wamechakaa. Tuliogopa utawaona."

Zuleha akashusha kishikwambi. Akaenda mlangoni, akapitisha kiganja kwenye mbao zilizokuwa na michongo. Akainama, akagonga sakafu nyekundu kwa kifundo cha kidole. Akauliza vioo vya zamani viko wapi, tukamwambia vimetupwa. Alipanda ghorofani, na Devota akimfuata kwa nyuma ngazi kwa ngazi, akajaribu kufungua dirisha, likagoma, rangi ilikuwa imeligandisha. Kila alipofika aliandika neno mojamoja, na Devota aliangalia kile kidole kinachoandika kama mgonjwa anavyoangalia kalamu ya daktari.

Waliposhuka, Zuleha alikaa kwenye kigoda changu cha wateja.

"Mmefanya kazi kubwa," alisema. Nadhani alitafuta maneno njia nzima ya kushuka. "Lakini mimi naandika vitu vya asili. Vilivyokuwapo toka nyumba inajengwa. Hata vikiwa vimevunjika. Hata vikiwa vichafu. Ubao wa roshani na vichwa vya nguzo peke yake havitoshi. Sina cha kuandika, mama."

Jamani, nimefiwa na wazazi wote wawili, na sikumbuki kama niliumia vile. Wale tausi ni mimi. Ile mashine ya msasa ni mimi. Devota alitaka kupaka chokaa, mimi nikamwambia bibi yuko Ulaya. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado sikuweza kufungua mdomo kusema kosa ni langu, mimi niliyekuwa na mdomo.

Devota alitikisa kichwa tu. "Haya," akasema. "Nimesikia." Akaanza kukunja tambara lake, mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo halikunjiki tena.

Zuleha alishafunga begi. Akasimama, akatazama tena kule ndani, kama mtu anayetafuta alichosahau. "Mama, hakuna sehemu yoyote ambayo hamkuigusa? Stoo? Choo cha zamani?"

"Hakuna. Tulisafisha kote."

Nilimtazama. Akajua ninachotaka kusema, akanikunjia uso.

"Kuna chumba chake," nikasema.

"Huko hapana," Devota akasema haraka. "Huko ni kwangu mimi. Sijafanya usafi. Mwanangu, nilichoka, naomba unisamehe. Huko hapafai mgeni."

"Mficha uchi hazai, da Devota," nikamwambia.

Alisimama mbele ya mlango wake, mgongo umeuegemea. Alikuwa na miaka sitini na moja, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekutwa na kosa. Kisha akasogea, akafungua yeye mwenyewe, akaingia mbio mbele yetu kuokota sufuria na nguo zilizokuwa kitandani.

Harufu ya moshi ilitupokea. Kuta zilikuwa nyeusi, masizi toka juu mpaka chini. Kitambo macho hayakuona kitu. Kisha Zuleha akaiondoa kanga iliyotundikwa juu ya mlango kwa ndani, ile Devota aliyoiweka kuzuia jua lisimsumbue akilala mchana. Nyuma yake kulikuwa na nusu duara ya vioo, ambayo kwa nje ilionekana nyeusi tu, vyote, vyekundu na vya kijani, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Rangi ikaanguka mpaka kwenye mkeka. Zuleha akapiga magoti, akainua pembe ya mkeka, na chini yake vigae vilikuwa na maua yao kamili, kwa kuwa hapo walikuwa wakitembea watu wachache tu, karani kwa wakati wake, na Devota na mwanawe kwa wakati wao. Kwenye ukuta wa kulia pale palipokuwa na kidirisha cha karani, fito za shaba zilikuwa bado zimesimama.

"Mama," Zuleha akasema, "mkoba wako umeutundika kwenye nini?"

Devota aligeuka. Juu ya kidaka, kile kishimo cha ukutani alimowekea picha ya Bikira Maria, palitokeza kitu cheusi kama kulabu. Ndicho alichotundikia mkoba na rozari, miaka yote ile. Zuleha aliutoa mkoba, akaitoa rozari taratibu akampa. Ilikuwa shingo ya tausi. Mwenzake alikuwa ng'ambo ya kidaka, wametazamana, wadogo kama kuku, vichwa viwili, mikia miwili. Zuleha alilowesha ncha ya kidole kwa mate, akagusa bawa mahali padogo kama punje ya mtama. Chini ya masizi palikuwa na bluu.

"Nilijua ni msumari wa kizamani," Devota akasema. "Kumbe nimemning'inizia mkoba ndege wa watu. Ngoja. Ngoja nifute, mwanangu, utaona vizuri." Na tambara lake likawa limeshafika hewani.

Zuleha akamshika mkono.

"Usifute. Naomba. Usifute, usifagie, usipake kitu. Mpaka nirudi na wenzangu."

"Lini?"

"Miezi miwili. Labda mitatu. Na siahidi, mama. Chumba kimoja si nyumba nzima, watabishana sana huko. Lakini sasa nina cha kuandika, na kikiwa kimeandikwa, nyumba haiuzwi kwa mtu wa kubomoa mpaka wamalize kubishana."

"Na mimi nikae wapi hiyo miezi?"

"Humuhumu. Ishi kama ulivyokuwa ukiishi. Ila kupika, pika nje."

Alipiga picha kama saa nzima. Devota alimwomba asipige kitanda, akakubali. Bajaji ilipomchukua, nilirudi chumbani nikamkuta Devota amesimama katikati, ufagio mkononi, hajui autie wapi. Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwambia asifagie. Hatimaye aliuegemeza mlangoni, akakaa kitandani, na hakuvuta mlango. Ilikuwa saa tano asubuhi. Wakati ule kwa kawaida huwa yuko ghorofani.

"Da Devota," nikasema, "wale tausi wa juu ni mimi niliyesema watolewe."

"Najua. Nilikuwapo." Alikuwa anasugua goti. Hakunitazama kwa hasira, wala hakunifariji. "Samiha, madirisha ya juu hayajafunguliwa toka wiki jana. Nyumba inatoka jasho. Nenda wewe leo, mimi nimechoka."

Nikachukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia suti, ambao simwazimi mtu, nikapanda zile ngazi thelathini na moja, nikaanza kukwangua rangi kwenye dirisha la kwanza.